Serikali inavyoelekeza maamuzi ya kampuni za kibinafsi, na jinsi gharama inavyofika Nyakoe

HAKUNA ofisi ya waziri wala makao makuu ya benki katika soko la Nyakoe, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Kisumu. Hata hivyo, ni vigumu kutaja shughuli yoyote sokoni humo ambayo haijaguswa na amri, sheria au tangazo lililotoka Nairobi.

Nauli ya matatu hupanda na kushuka kulingana na bei ya mafuta ambayo serikali huitangaza kila mwezi. Mkopo wa muuzaji ndizi hutegemea kanuni ambazo benki zimewekewa. Naye mkulima wa majanichai husubiri bonasi ambayo ukubwa wake hutokana na mnada wa Mombasa, na mnada huo nao umewahi kuwekewa masharti kwa msukumo wa Wizara ya Kilimo.

Katika mambo hayo yote matatu, kati ya serikali na mwananchi husimama kampuni ya kibinafsi. Serikali hutoa amri, lakini ni kampuni inayoamua jinsi ya kuishi na amri hiyo. Mwananchi hukutana na matokeo ya maamuzi hayo mawili kwa pamoja, mara nyingi bila kujua lipi lilisababisha lipi.

Historia ya Kenya ya miaka ya karibuni ina funzo moja kuhusu jambo hili. Serikali inaweza kuilazimisha kampuni kubadili bei, lakini ni vigumu kuilazimisha kupenda biashara isiyo na faida. Kampuni iliyonyimwa uhuru wa kupanga bei hugeukia mambo ambayo sheria haikuyagusa: itamhudumia nani, kwa kiasi gani, mahali gani, na kwa ada yenye jina gani. Maji hufuata mkondo.

Mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Kaunti za Kisii na Nyamira wamelipia funzo hilo zaidi ya mara moja.

Jinsi kampuni inavyoamua

Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka wa 2015, wakurugenzi wa kampuni nchini Kenya wana wajibu wa kufanya yale wanayoamini yatailetea kampuni ufanisi kwa manufaa ya wenye hisa. Hawakuajiriwa na taifa, wala hawakuchaguliwa na wateja.

Kabla ya kupitisha jambo lolote, wakurugenzi hupima mambo manne: kitakachoingia, kitakachotoka, hatari iliyopo na kile ambacho sheria inaruhusu. Serikali inaweza kuligusa kila mojawapo ya mambo hayo.

Kodi na ushuru hubadili kitakachotoka. Ruzuku na zabuni za serikali hubadili kitakachoingia. Leseni huamua nani ataruhusiwa kufanya biashara. Udhibiti wa bei hufunga mlango wa mapato. Kuna pia njia isiyoandikwa popote, nayo ni neno la mkubwa: waziri anapoonya hadharani, wakurugenzi husikia hata kama hakuna kifungu cha sheria kilichotajwa.

Kinachotofautisha njia hizo ni kile zinachoiachia kampuni. Nyingine huiachia kampuni sababu ya kuendelea kumhudumia mteja, na nyingine humwondolea mteja huyo thamani machoni pa kampuni.

Riba iliyoshuka, mikopo ikapotea

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa benki. Kwa miaka mingi, Wakenya walilalamika kwamba riba ya mikopo ilikuwa juu mno. Mnamo Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyowasilishwa bungeni na aliyekuwa mbunge wa Kiambu, Jude Njomo.

Sheria hiyo, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2016, ilizuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu ya Kenya (CBK) kwa zaidi ya asilimia nne. Kwa kuwa kiwango cha CBK kilishushwa hadi asilimia 10 mwezi huo huo, hakuna benki iliyoruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka.

Kwa mfanyabiashara wa Nyakoe, habari hizo zilikuwa njema. Mkopo ambao awali ungemgharimu riba ya asilimia 18 au zaidi sasa ungepatikana kwa asilimia 14, iwapo angeupata.

Wakurugenzi wa benki walikuwa na hesabu tofauti. Muuzaji ndizi asiye na hatimiliki ya ardhi wala hati ya mshahara ni mkopaji mwenye hatari. Benki ilipokuwa huru, ilifidia hatari hiyo kwa kumtoza riba ya juu. Sheria ilipofunga njia hiyo, hatari haikuondoka. Kilichoondoka ni malipo yake.

Wakati huo huo, serikali yenyewe ilikuwa ikikopa kwa wingi. Hatifungani zake za muda mrefu zililipa zaidi ya asilimia 12, na serikali haina desturi ya kukimbia na mkopo. Mkurugenzi aliyewekewa mezani wateja hao wawili, mmoja wa asilimia 14 mwenye hatari na mwingine wa asilimia 12 asiye na hatari, hakuhitaji muda mrefu kuamua.

Mikopo kwa sekta ya kibinafsi, ambayo ilikuwa imeanza kupungua kasi hata kabla ya sheria hiyo, ilidorora zaidi. Mwaka wa 2017 ilikua kwa chini ya asilimia tatu. Baadhi ya benki zilifunga matawi na kupunguza wafanyakazi.

Waliokataliwa na benki hawakuacha kuhitaji fedha. Wengi waligeukia mikopo ya simu. Huduma ya M-Shwari, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Malipo hayo yaliitwa ada ya huduma, si riba, na kwa hivyo hayakuhesabiwa katika kikomo cha sheria. Mtu aliyechukua Sh10,000 kwa mwezi mmoja alirudisha Sh10,750. Kama angefanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, angelipa Sh9,000 kwa kutumia zile zile Sh10,000.

Ndivyo sheria iliyokusudiwa kumlinda mkopaji mdogo ilivyomsukuma kwenye mkopo ulio ghali zaidi. Mnamo Novemba 2019, kikomo hicho kiliondolewa. Baadaye benki ziliruhusiwa kupanga riba kulingana na hatari ya kila mkopaji, kwa kufuata taratibu zinazoidhinishwa na CBK.

Mafuta: Faida iliyokwama serikalini

Mfano wa pili unapita Nyakoe kila siku kwa magurudumu. Tangu Desemba 2010, bei ya juu zaidi ya petroli, dizeli na mafuta taa hutangazwa na serikali. Jukumu hilo sasa liko mikononi mwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambayo hutoa tangazo lake tarehe 14 ya kila mwezi.

Hesabu ya EPRA hujumuisha gharama ya kununua mafuta ng'ambo, usafirishaji, kodi na faida ambayo kampuni imeruhusiwa kupata kwa kila lita. Kwa sababu ya gharama ya usafiri, mji wa Kisii huwa na bei yake tofauti na ya Mombasa au Nairobi.

Mpango huo ulifanya kazi kwa muda mrefu bila kelele nyingi kwa sababu ulimwachia mwuzaji faida, hata kama ni ndogo. Tatizo lilizuka baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku mnamo Aprili 2021. Bei ilizuiliwa chini ya gharama halisi, na kampuni zikaahidiwa kwamba Hazina ingelipa tofauti hiyo.

Bei ya mafuta ilipopaa duniani baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, deni la serikali kwa kampuni hizo liliongezeka na malipo yakachelewa. Kufikia Machi na Aprili, misururu mirefu ya magari ilikuwa imeonekana katika vituo vya mafuta kote nchini.

Serikali ilizishutumu kampuni kwa kuficha mafuta na kuyauza nchi jirani. Kampuni nazo zilisema fedha zao zilikuwa zimekwama serikalini. Mvutano huo ulifikia hatua ya mkuu wa kampuni ya Rubis nchini, raia wa kigeni, kufutiwa kibali cha kazi na kuondolewa nchini.

Hatua hiyo ilikuwa onyo kali kwa wakurugenzi wengine. Lakini onyo halijazi tangi. Kampuni kubwa zenye mafuta machache zilianza kwa kuhudumia vituo vyenye nembo zao. Vituo vidogo vinavyojitegemea, ambavyo ndivyo tegemeo la waendeshaji bodaboda katika sehemu nyingi za mashambani, vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kukauka.

 Ubao wa bei ulionyesha kiwango kilichotangazwa na EPRA, ila pampu hazikuwa na kitu.

Majanichai: Kampuni ya kibinafsi iliyo mali ya mkulima

Hakuna sekta ambako suala hili ni zito kwa Gusii kuliko majanichai. Viwanda vya Nyamache, Kiamokama, Itumbe, Ogembo na Eberege katika Kaunti ya Kisii, pamoja na Nyankoba, Tombe, Kebirigo, Gianchore na Sanganyi katika Kaunti ya Nyamira, hupokea majani mabichi kutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo.

Wengi huviona viwanda hivyo kama mali ya serikali. Hilo halijawa kweli kwa zaidi ya miongo miwili. Halmashauri ya Ustawishaji Majanichai Nchini (KTDA) iliundwa mwaka wa 1964 kama shirika la umma, lakini ilibinafsishwa mnamo 2000. Leo inamilikiwa na kampuni 54 za viwanda, nazo kampuni hizo zinamilikiwa na wakulima zaidi ya 600,000 kote nchini.

Kwa hivyo, mkulima wa Gusii mwenye hisa katika kiwanda chake ni mteja, mzalishaji na mmiliki wa kampuni ya kibinafsi kwa wakati mmoja. Serikali inapoingilia KTDA, inaingilia mali yake, na kwa kawaida hufanya hivyo kwa jina lake.

Sababu za kuingilia zilikuwepo. Wakulima walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu ada za usimamizi, ucheleweshaji wa malipo, wakurugenzi waliokaa afisini muda mrefu na bonasi zisizoeleweka. Bei katika mnada wa Mombasa ilikuwa imeshuka, na mkulima hakuwa na njia rahisi ya kuwawajibisha waliosimamia chai yake.

Desemba 2020, Rais Kenyatta alitia saini Sheria ya Chai ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021. Miongoni mwa mengine, sheria hiyo ilishusha ada ambayo wakala wa usimamizi anaweza kutoza viwanda hadi kiwango kisichozidi asilimia 1.5 ya mauzo. KTDA awali ilikuwa ikitoza asilimia 2.5. Baadhi ya vipengele vya sheria hiyo vilipingwa mahakamani na utekelezaji wake ukasimamishwa.

Machi 2021, rais alitoa agizo la kuharakisha mageuzi katika sekta hiyo. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, aliongoza kampeni hiyo. Uchaguzi wa wakurugenzi ulifanyika, na katikati ya mwaka huo halmashauri mpya ilichukua usukani wa KTDA.

Hatua ya halmashauri hiyo iliyosikika zaidi ilikuja Julai 2021. KTDA ilitangaza kwamba haingeuza chai yake mnadani Mombasa kwa bei iliyo chini ya dola 2.43 za Marekani kwa kilo. Wakati huo chai nyingi ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola mbili.

Mnunuzi hakutiwa pingu

Kwa mkulima, hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: chai ina gharama yake ya uzalishaji, na hakuna anayepaswa kuuza kwa hasara. Bei ya mnadani ilipanda baada ya tangazo hilo, na malipo ya wakulima yakaongezeka katika miaka iliyofuata.

Lakini kima hicho kilimfunga mwuzaji pekee. Mnunuzi aliyetoka Pakistan, Misri au Uingereza hakuwa amelazimishwa kununua. Kwenye mnada ule ule aliweza kununua chai ya mashamba makubwa, ambayo haikuwa na kikwazo hicho, au chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine zinazouza Mombasa.

Tofauti za kimaeneo zilizidisha tatizo. Chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, kama vile ya Murang'a, Kirinyaga na Meru, kwa muda mrefu imepata bei bora kuliko ya magharibi, ambako ndiko Kisii, Nyamira, Kericho na Bomet. Wadau hutaja uchumaji, ubora wa majani na usimamizi wa viwanda kuwa miongoni mwa sababu.

Kima kimoja kilipowekwa kwa wote, hakikuwa na uzito sawa. Kwa kiwanda ambacho chai yake tayari ilikuwa ikikaribia au kupita dola 2.43, amri hiyo haikubadilisha mengi. Kwa kiwanda cha magharibi ambacho chai yake ilikuwa ikiuzwa chini ya kiwango hicho, ilimaanisha kumwambia mnunuzi alipe zaidi kwa bidhaa ile ile. Wengi walipita na kwenda meza ya pili.

Mamilioni ya kilo za chai yakabaki katika maghala ya Mombasa. Chai si dhahabu. Ikikaa hupoteza ubora, na mnunuzi akirudi huilipia bei ya chini. Aidha, chai isiyouzwa haileti fedha za kulipa wafanyakazi, umeme, kuni na majani ya mwezi uliofuata. Kiwanda hulazimika kukopa, na riba ya mkopo huo hukatwa kabla ya bonasi.

Kwa miaka miwili ya mwanzo, tatizo hilo lilifichwa na thamani ya shilingi. Chai huuzwa kwa dola, lakini mkulima hulipwa kwa shilingi. Mnamo Januari 2024, dola moja ilipofika takriban Sh160, kilo ya chai ya dola 2.43 ilileta zaidi ya Sh388. Katikati ya mwaka huo, dola iliposhuka hadi karibu Sh129, kilo hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo ilileta Sh313. Tofauti ya Sh75 ilitoweka bila mkulima kupunguza hata jani moja.

Kima hicho cha chini kiliondolewa mwaka wa 2024. Chai iliyokuwa imerundikana ilianza kuuzwa, lakini kwa bei za chini. Bonasi zilizotangazwa mwaka wa 2025 ziliibua malalamiko makali kutoka kwa wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, Gusii ikiwemo, walioona wenzao wa mashariki wakilipwa zaidi kwa kila kilo ya majani mabichi.

Si haki kusema kwamba kima cha chini ndicho kilichosababisha pengo hilo, kwani lilikuwepo kabla yake. Linaloweza kusemwa ni kwamba kilitumia miaka mitatu kushughulikia bei, ilhali kiini cha tatizo la magharibi kilikuwa ubora, gharama za viwanda na masoko machache. Mambo hayo matatu hayabadiliki kwa tangazo.

Funzo la korosho

Kenya haikuwa ya kwanza katika ukanda huu kujaribu njia hiyo. Nchini Tanzania, msimu wa korosho wa mwaka wa 2018 ulianza kwa wakulima wa mikoa ya kusini kukataa bei ndogo walizopewa na wanunuzi wa kibinafsi.

Novemba mwaka huo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho yote kwa Sh3,300 za Tanzania kwa kilo, na jeshi likatumwa kuisafirisha. Wanunuzi wa kibinafsi wakawekwa kando.

Bei ilikuwa nzuri na nia ilieleweka. Ugumu ulianza serikali ilipohitaji kuiuza korosho hiyo. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya, Indo Power Solutions, ulivunjika mwaka wa 2019, na sehemu ya wakulima walisubiri malipo yao kwa muda mrefu.

Huko Mtwara na Lindi, kama ilivyokuwa Mombasa, yule aliyeamua bei hakuwa yule aliyeamua kununua.

Pale serikali ilipofaulu

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba serikali haifai kugusa kampuni za kibinafsi. Kuna mifano ambapo ilifanya hivyo na mwananchi akanufaika, na baadhi yake inaonekana katika kila kibanda cha M-Pesa mjini Kisii na viungani mwake.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, Safaricom haikuwa benki. CBK ingeweza kuizuia. Badala yake iliiruhusu kuendelea huku ikiisimamia kwa karibu, na kampuni ikapata ujasiri wa kuwekeza katika maelfu ya mawakala hadi vijijini.

Safaricom ilipokuwa kubwa, mawakala wake walifungwa na mikataba iliyowakataza kuhudumia kampuni pinzani. Mnamo Julai 2014, kufuatia uamuzi wa Mamlaka ya Ushindani, mawakala hao waliruhusiwa kutoa huduma za kampuni nyingine pia.

Katika hatua zote mbili, serikali haikuiambia Safaricom itoze kiasi gani. Ilishughulikia suala la nani ana ruhusa ya kuingia sokoni. Safaricom ilibaki na sababu ya kuwekeza, wakala akapata njia ya pili ya mapato, na wapinzani wakapata mlango.

Mfano mwingine ni marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017. Ilikuwa hatua kali iliyowaumiza watengenezaji, lakini iliwagusa wote kwa kiwango kimoja na tarehe ilijulikana mapema. Hakuna kampuni iliyoweza kutarajia kwamba mpinzani wake angeendelea kuuza mifuko ile. Wakurugenzi walijua soko la zamani limefungwa, na wakaelekeza fedha zao kwa mifuko ya aina nyingine.

Mambo matatu yanajitokeza katika mifano iliyofaulu. Kanuni iliwagusa washindani wote kwa usawa, haikubadilikabadilika, na iliiachia kampuni njia ya kupata faida kwa kumhudumia mteja. Katika riba, ruzuku ya mafuta na kima cha chini cha chai, angalau mojawapo ya mambo hayo lilikosekana.

Maswali ya kuuliza

Siasa ya bei haitakoma. Ahadi ya bei nafuu au malipo ya juu ni rahisi kutangazwa katika mkutano wa hadhara, na hakuna mwanasiasa atakayeshangiliwa kwa kuahidi kuboresha uchumaji wa majani mawili na chipukizi.

Hata hivyo, mwananchi ana uwezo wa kulipima tangazo kabla ya kulishangilia. Swali la kwanza ni kama amri hiyo inamfunga mwuzaji pekee, mnunuzi pekee, au wote wawili. Amri inayomfunga mmoja humwacha mwingine huru kuondoka.

Swali la pili ni nani atalipa tofauti kati ya bei iliyotangazwa na bei halisi, na lini. Ahadi ambayo haina bajeti hugeuka kuwa deni, na deni la serikali kwa kampuni hatimaye huonekana kwenye pampu iliyokauka.

Swali la tatu ni kampuni itabadili nini kingine. Ikiwa riba imefungwa, je, ada pia imefungwa? Ikiwa bei ya kilo imefungwa, je, kuna atakayehakikisha kwamba kilo zenyewe zimeuzwa?

Kwa mkulima wa majanichai kuna swali la nne, ambalo muuzaji ndizi na mwendeshaji bodaboda hawana nafasi ya kuliuliza. Yeye ni mwenye hisa. Ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mwaka wa kampuni ya kiwanda chake, kuonyeshwa hesabu zilizokaguliwa, na kuwachagua wakurugenzi.

Katika mkutano huo anaweza kuuliza kiwanda kilikopa kiasi gani, kilo ngapi za chai ziko ghalani Mombasa, na kwa nini gharama ya kuzalisha kilo moja inazidi ya kiwanda jirani. Majibu ya maswali hayo huamua bonasi ya Nyamache au Nyankoba kuliko hotuba nyingi zinazotolewa Nairobi.

Mageuzi ya 2021 yalimpa mkulima halmashauri mpya na kima kipya cha bei. Kima hicho kimekwisha ondoka. Kilichobaki mkononi mwake ni kura yake katika mkutano wa kampuni, na hiyo haihitaji agizo la rais ili itumike.